Marin Mersenne, padri aliyekosea namba ya tarakimu 21

BUKAVU – Mwanafunzi wa sekondari wa Nyalukemba, katika komini ya Ibanda, akiulizwa kama 91 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, atasitasita kidogo kisha ataona kwamba ni 7 mara 13. Kuna namba nyingine, ya tarakimu 21, ambayo wataalamu wa hesabu waliishindwa kwa zaidi ya karne mbili. Aliyewaachia mzigo huo ni padri Mfaransa, Marin Mersenne.

Alizaliwa mwaka 1588 karibu na Oizé, magharibi mwa Ufaransa, katika familia ya wakulima. Alisoma kwa mapadri Wajezuiti huko La Flèche, kama vile watu wengi wa Bukavu walivyosomeshwa na Wajezuiti wa Kolezi Alfajiri. Hata hivyo hakujiunga nao. Mwaka 1611 aliingia shirika la Waminimi, na kuanzia 1619 makao yake yakawa nyumba yao ya Paris.

Zamani hizo hapakuwa na gazeti la sayansi. Chumba cha Mersenne ndicho kilikuwa posta ya wataalamu: Descartes, Fermat na wengine wengi walimwandikia, naye swali la huyu alilituma kwa yule. Alichunguza pia sauti na nyuzi za vinanda, akatoa kitabu kikubwa juu ya muziki mwaka 1636.

Mwaka 1643 alimuuliza Fermat kama 100895598169 ni tasa. Fermat alimjibu kuwa sivyo: ni 898423 mara 112303. Hapo ndipo utamu wa namba hizi ulipo. Kutafuta vigawanyo vyake kunaumiza kichwa, lakini ukishapewa, kalamu na karatasi vinatosha kuhakikisha. Siri nyingi za intaneti leo zinalindwa na ugumu huo huo.

Mwaka uliofuata, Mersenne mwenyewe alijitosa. Andika 2 mara kadhaa, zizidishe zote, kisha toa 1. Ukiwa na 2 tatu unapata 7, ambayo ni tasa. Ukiwa na 11 unapata 2047, nayo ni 23 mara 89. Katika kitabu cha 1644 alitaja hesabu ambazo, kwa maoni yake, zinazaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alisema pia kwamba nyingine zote hadi 257 hazizai. Ulikuwa ujasiri mkubwa, maana yeye huyo huyo alikiri kwamba kupima namba ya tarakimu 15 au 20 kunaweza kumaliza muda wote wa dunia.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1648, baada ya kuagiza mwili wake upasuliwe ili waganga wajifunze. Orodha yake ilibaki bila jibu.

Ile ya 67 inazaa 147573952589676412927. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, bila kupata hata kigawanyo kimoja! Ni kama kujua kwamba gunia lina vitu viwili bila kulifungua. Gunia lilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu wa Marekani. Inasimuliwa kuwa Profesa Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni kimya, akaikokotoa namba hiyo, kisha pembeni akazidisha 193707721 kwa 761838257287. Majibu yalilingana, watu wakapiga makofi, naye akarudi kukaa bila kusema neno.

Namba ya 257 nayo ilionekana baadaye kuwa si tasa, na padri alikuwa amesahau 61, 89 na 107. Orodha nzima ilimalizika kukaguliwa mwaka 1947.