Ibn al-Baytar na siri ya dawa ya mbalanga

Ukipita Marikiti hapa Mombasa, au stendi yoyote ya matatu kuanzia Likoni hadi Malindi, utakuta chupa za unga wa miti shamba zimepangwa, na karatasi imebandikwa kwamba unga huo watibu sukari, presha, pumu, vidonda vya tumbo, mbalanga na mambo ya chumbani. Chupa moja, maradhi yote hayo. Jina la mti halipo. Ukimuuliza muuzaji, atakwambia ni siri ya babu.

Mimi si mtu wa kudharau miti shamba. Nimenyweshwa mwarobaini tangu utotoni, nyanya akinishika pua. Lakini jirani yangu mmoja aliacha vidonge vya sukari kwa ajili ya chupa kama hizo, na leo anatembelea gongo kwa mguu mmoja. Ndiyo maana wiki hii nataka tumzungumze mtu aliyeipenda miti kuliko wauzaji wote hawa, na ambaye karatasi ile ingemkasirisha.

Jina lake Dhiyauddin Abdallah bin Ahmad, maarufu Ibn al-Baytar. Alizaliwa Malaga, Andalusia, karibu na mwaka 1197, wakati sehemu ile ya Hispania ikiwa bado mikononi mwa Waislamu. Baytar kwa Kiarabu ni daktari wa mifugo, na yasemekana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya baba yake. Kijana alisoma Seville kwa Abul Abbas, aliyeitwa al-Nabati, yaani bwana wa mimea. Mwalimu huyu hakuwa mtu wa kukaa msikitini na vitabu peke yake. Aliwatoa wanafunzi nje ya mji wakachume, wakanuse, walinganishe jani na jani.

Akiwa na miaka ishirini na kitu, Ibn al-Baytar aliondoka kwao, na njia yake ikawa ndefu. Alipita pwani yote ya Afrika Kaskazini: Bejaia, Tunis, Tripoli, hadi Barqa, kisha akafika nchi ambayo leo ni Uturuki. Kila alipofika aliwatafuta watu wanaoijua miti ya pale, akawauliza wanaiitaje, waitumia kwa nini na sehemu gani ya mti. Mwisho akafika Cairo, ambako Sultani al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin, alimfanya mkuu wa wataalamu wote wa miti shamba Misri. Fikiria cheo hicho! Kwa hivyo muuza dawa wa Cairo alikuwa na mtu juu yake anayeijua miti kumshinda.

Sultani alipoitawala Damascus naye alikwenda huko, na hapo ndipo alipokutana na Ibn Abi Usaybi'a, tabibu kijana ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha ya matabibu. Huyu ndiye tunayemshukuru kwa mengi tunayoyajua. Anaeleza kwamba walikuwa wakitoka pamoja nje ya Damascus kutafuta mimea mahali inapoota. Mwalimu hutaja jina la mmea kwa Kigiriki, kisha alivyousema Dioscorides, tabibu wa kale wa Kigiriki, kisha Galen, kisha waliofuatia, na pale walipohitilafiana au kukosea. Yote kwa kichwa, mpaka nambari ya mlango ambamo mmea umetajwa. Halafu kijana akirudi nyumbani akafungua vitabu, huyakuta vile vile. Anamsifu pia kwa ukarimu na tabia njema, jambo ambalo wataalamu wengine wa zamani hawakubahatika nalo.

Kitabu chake kikubwa, kinachojulikana kwa kifupi kama al-Jami', kina milango karibu 1,400 ya dawa na vyakula, imepangwa kwa herufi. Baina ya 200 na 300 ya vitu hivyo havikuwa vimeandikwa na wa kabla yake. Amewataja waandishi kama 150, kila neno kwa mwenyewe. Na katika utangulizi ameweka sharti: alilolishuhudia mwenyewe likasihi, ameliandika, lililopingana na alichokiona, ameliacha, hata kama msemaji ana jina kubwa. Sitasema kila kilichomo ni sawa, kwani kuna mambo ambayo daktari wa leo hatayakubali. Lakini njia ilikuwa sawa.

Jambo lililomhangaisha zaidi ni majina. Mti mmoja una majina matano, na jina moja lina miti mitatu; mtu akikosea jina anakunywa sumu. Kwa hivyo aliandika jina la Kiarabu, la Kigiriki, la Kiajemi, la Kiberberi na la Kilatini cha Andalusia. Sisi watu wa Pwani twalielewa hili haraka. Mwarobaini wengine wauita mkilifi, na ukitoka kwa Wadigo ukaenda kwa Wagiriama au kwa Wabajuni, majina ya miti yanabadilika kila kituo.

Sasa nije kwenye mbalanga. Karibu na Bejaia kulikuwa na jamaa wa Kiberberi waliosifika kwa kutibu mabaka meupe ya ngozi. Watu walikuwa wakiwafuata kutoka mbali, na dawa walikuwa wakiirithishana kwa siri, baba kwa mtoto, mpaka siri ikatoka. Ibn al-Baytar aliiandika kwa jina la Kiberberi, itrilal, maana yake mguu wa ndege. Ni mmea wa ukoo mmoja na karoti na dania, wenye maua meupe yaliyotandazika kama mwavuli. Mbegu zake husagwa, mgonjwa akala pamoja na asali, kisha akakaa juani mabaka yakiwa wazi. Mahali pale hututuka malengelenge, na yakipona rangi hurudi. Naye akaeleza kwamba aliijaribu kwa watu wengi akaona inafaa.

Alifariki Damascus mwaka 1248, sawa na 646 Hijria. Kitabu kikaendelea kunakiliwa kwa mkono, na kikachapishwa Bulaq, Cairo, mwaka 1874.

Halafu, katika miaka ya 1940, wataalamu wa Misri waliuchukua mmea ule ule wa mguu wa ndege wakauchambua maabara. Mwaka 1947 walitoa ndani yake chembechembe safi za kemikali inayoifanya ngozi iitikie jua, na Dkt Abdel Monem El Mofty wa Cairo akaanza kuwatibu nayo wagonjwa wa mbalanga. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani wakaitumia pamoja na taa maalum kwa ugonjwa mwingine wa ngozi, ule wa magamba. Hospitali zikawa na tiba mpya.

Tena ni tiba ya kupimwa. Ukizidisha dawa, au ukizidisha jua, ngozi inaungua vibaya, na matumizi ya miaka mingi yanaongeza hatari ya saratani ya ngozi. Hilo huwezi kulijua kama hujui ndani ya chupa mna mti gani na kiasi gani.

Kwenye pakiti ya dawa hiyo hutawakuta wale jamaa wa Bejaia. Kwenye kitabu cha Ibn al-Baytar wamo, kwa kabila lao na kwa neno la lugha yao.

Huku kwetu misitu ya Kaya iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na KEMRI ina kituo chake cha kuchunguza dawa za asili, lakini kiko Nairobi. Kule kwetu bara ya Kilifi kuna mzee anayejua mti wa kuosha vidonda visivyopona. Watoto wake wote waendesha bodaboda Mtwapa, na hakuna hata mmoja anayeujua. Mwezi jana nilimpelekea mjukuu wake wa kike, aliye sekondari, daftari kubwa. Nilimwomba aandike jina la mti kwa Kigiriama, unapoota, sehemu inayotumika, kiasi gani, na nani alimfundisha babu yake. Ameshajaza kurasa sita.