James Lind na Wagonjwa 12 wa Merikebu ya Salisbury

Ndugu askari, leo tunawaletea maisha ya James Lind, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1716 na kuingia katika jeshi la wanamaji la Uingereza mwaka 1739 akiwa msaidizi wa tabibu. Enzi zile kiseyeye kiliua wanamaji kuliko mizinga ya adui. Fizi zilioza, meno yakalegea, miguu ikakataa kuubeba mwili. Msafara wa Anson, uliong'oa nanga mwaka 1740, ulipoteza watu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa maradhi hayo.

Tarehe 20 Mei 1747, baharini, Lind aliteua wagonjwa 12 wenye dalili za kufanana, akawalaza mahali pamoja na kuwapa chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa dawa yake: pombe ya matufaha, matone ya asidi, siki, maji ya bahari, mchanganyiko wa vitunguu saumu na haradali, au machungwa mawili na limau moja kwa kila mtu kila siku.

Namna alivyoyaandika matokeo ndiyo inayotuvutia. Matunda yaliisha baada ya siku 6, naye alilisema waziwazi. Aliandika kuwa mmoja wa waliokula matunda alifaa kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza wengine. Hakusita kutaja kwamba pombe ya matufaha nayo ilileta nafuu, ikifuata nyuma ya matunda. Wala kwamba waliopewa maji ya bahari walikuwa miongoni mwa waliozidiwa tangu mwanzo. Ninyi mnaoandika taarifa za doria mnajua jinsi mkono unavyotamani kuruka mambo kama hayo.

Lakini kitabu chake cha mwaka 1753 kilikuwa na kurasa zaidi ya 400, na matokeo hayo yalijaza chache tu, yakafunikwa na nadharia ndefu za hewa yenye unyevu na jasho lililozuiwa. Humo humo alishauri maji ya matunda yapashwe moto hadi yawe mazito, ili yahifadhiwe. Leo tunajua kwamba moto huiharibu vitamini C.

Kuanzia 1758 hadi 1783 alikuwa daktari wa hospitali ya wanamaji ya Haslar. Alifariki mwaka 1794. Amri ya kuwapa wanamaji maji ya limau ilitoka mwaka 1795.