Chuma, kijana aliyemleta Livingstone mpaka mnarani Bagamoyo

Mimi ni kijana wa Marangu, nimemaliza fomu foo, na kama wengi wa huku nimeshabeba mizigo ya watalii kupanda mlimani. Kwa hiyo nikisikia kuna mzigo ulibebwa na wapagazi miezi tisa, lazima nisimame nisikilize.

Ilikuwa Bagamoyo, kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, walewale waliokuja kufungua misheni ya Kilema, jirani zetu, mwaka 1890. Kanisa lao la kwanza la 1872 halipo tena, umebaki mnara tu. Watu wanauita Mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wa David Livingstone ulifikishwa pale Februari 24, 1874. Sawa, lakini maiti haitembei. Nani alimleta?

Akina Chuma.

Chuma alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, na mwaka 1861 akina Livingstone wakamkomboa kule bonde la Shire, Malawi ya leo. Mwaka 1864 akavuka naye bahari hadi Bombay, akasoma, akabatizwa jina la James. Mwaka 1866 wakarudi Afrika, wakazunguka bara miaka saba.

Mei 1873 mzee akafariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Jamaa wangeweza kumfukia na kwenda zao. Chuma, Abdallah Susi na wenzao wakakataa. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili hivi, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti. Safari ikaanza.

Tabora wakamkuta Cameron, afisa Mwingereza, akashauri wamzike palepale. Wakagoma. Mbele kidogo wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua, wakajifanya wanairudisha Tabora kuzika, kumbe ya kweli wameifunga kama robota la nguo. Si mchezo!

Sasa hii ndiyo inaniuma. Bagamoyo, meli ya Kiingereza ikachukua mwili. Mazishi yakafanyika Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874. Chuma na Susi hawakuwepo! Katika msafara ule alikuwepo Jacob Wainwright peke yake. Wao walifika Uingereza baadaye, baada ya James Young, rafiki wa marehemu, kuwalipia nauli.

Chuma hakukata tamaa. Mwaka 1879 alikuwa mnyapara wa msafara wa Keith Johnston. Bosi akafia njiani, akabaki Joseph Thomson, dogo wa miaka 21. Akiwa na Chuma, Thomson alifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akarudi pwani salama mwaka 1880. Miaka miwili baadaye Chuma akafa Zanzibar kwa kifua kikuu, hata arobaini hajafika.

Mnara ukachukua jina la aliyebebwa. Huku kwetu pia, mgeni akifika kileleni anapewa cheti chenye jina lake. Aliyembebea hema je? Anashuka kimyakimya.

Mimi siku nikirudi Bagamoyo nitauita Mnara wa Chuma. Nyie wadau mnasemaje?