Lavoisier, mtoza kodi aliyeipima hewa

Shule yetu ya kambini Kibondo haikuwa na maabara. Siku ya kujifunza kusawazisha milinganyo ya kemia, mwalimu aliazima mizani ya muuza maharage, akaiweka mezani, akatusimulia habari za Antoine Lavoisier wa Ufaransa. Leo nafundisha nyumbani, nami huanza na mtu huyo huyo.

Alizaliwa Paris mwaka 1743, akasomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sayansi. Mwaka 1768 alinunua hisa katika kampuni iliyomtozea mfalme kodi. Faida ya huko ndiyo iliyomnunulia mizani yake mizuri. Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mtoza kodi mwenzake, mwenye miaka 13 tu. Mama huyu alijifunza Kiingereza ili amtafsirie mumewe, akachora vyombo vyake vya maabara.

Wakati huo wataalamu waliamini kuwa kinachoungua hupoteza kitu. Lavoisier akapima. Alipasha zebaki moto siku 12, hewa ya nje isiingie. Ukatanda unga mwekundu, na hewa ya ndani ikapungua. Akaupasha ule unga moto mkali zaidi: zebaki ikarudi, na hewa iliyopotea ikatoka. Akaiita oksijeni.

Kwa alama za leo, 2Hg + O₂ → 2HgO. Huo ni muungano. Kinyume chake ni mtengano. Zebaki mbili kushoto, mbili kulia. Oksijeni vivyo hivyo. Wanafunzi wangu hupenda kugusa tarakimu ndogo ya chini ili hesabu itimie. Hapo wamebadili bidhaa yenyewe, kama aliyeandikisha mchele forodhani akavusha sukari! Hubadilishwa tarakimu ya mbele tu.

Kitabu chake cha 1789 kilieleza kwamba uzito kabla na baada ya mmenyuko ni ule ule. Mwaka huo huo Mapinduzi yakaanza. Watu wa Paris hawakusahau ukuta wa forodha uliojengwa kuuzunguka mji wao kwa pendekezo lake, ili mizigo ilipiwe langoni. Ninyi wa Kobero mnaelewa hasira hiyo, na mimi kwa kodi simtetei. Novemba 1793 alikamatwa. Tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa pamoja na baba mkwe wake na wenzao 26.

Marie-Anne alifiwa na baba na mume siku moja, akanyang'anywa mali, akafungwa kwa muda. Baadaye alichapisha maandishi ya mumewe. Alifariki mwaka 1836.