Sayyid Barghash na deni la forodha

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, Sayyid Barghash bin Said anatajwa zaidi kwa majumba yake. Ijumaa ya leo tunapenda kumtazama kwa upande ambao hautajwi sana, nao ni namna alivyolimaliza deni kubwa alilolikuta siku aliyokalia kiti cha ufalme wa Zanzibar. Ni kisa chenye mafunzo kwa kila nyumba yenye deni, na leo ni nyumba chache zisizo nalo.

Sayyid Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini mwaka 1856. Unguja ikashikwa na ndugu yake, Sayyid Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kuutwaa ufalme kwa nguvu kwa msaada wa Waarabu wa kabila la Harthi. Hakufanikiwa. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay, India, alikokaa kiasi cha miaka 2. Sayyid Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash ndiye aliyeshika nafasi yake.

Alirithi ufalme, na pamoja nao akarithi hesabu. Kwa miaka mingi ushuru wa forodha ulikuwa ukikodishwa. Mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha yeye ndiye aliyekusanya ushuru bandarini, na ziada ikawa yake. Tangu miaka ya 1830 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Jairam Shivji, Wahindi wa Kutch, na kwa muda mrefu msimamizi wake hapa Unguja alikuwa Ladha Damji. Sultani alipohitaji fedha kabla ya wakati, kampuni ilimkopesha, kisha ikajikata katika ijara ya forodha. Kwa hiyo mapato ya kesho yalikuwa yakiliwa leo.

Sayyid Majid alikuwa na mizigo mizito. Kwa uamuzi wa mwaka 1861 uliozitenganisha Zanzibar na Oman, alitakiwa kupeleka Maskati reale 40,000 kila mwaka. Fitna za ndugu nazo zilikuwa na gharama zake. Baadaye akaanza kuujenga mji wa Dar es Salaam. Alipofariki, kampuni ilikuwa ikidai zaidi ya reale nusu milioni. Ili msomaji apime uzito wake, ijara yote ya forodha kwa mwaka ilikuwa yapata reale 300,000.

Sayyid Barghash hakulikubali deni hilo kuwa ni lake. Hoja yake haikukosa msingi. Katika sheria yetu, deni la maiti hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, wala mrithi halazimiki kulilipa kwa jasho lake mwenyewe. Lakini kampuni nayo ilikuwa na hoja. Fedha zile zilitumika katika mambo ya dola, na dola haikufa pamoja na Majid. Wakati ule hapakuwa na mpaka ulio wazi baina ya mfuko wa Sultani na hazina ya nchi, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Isitoshe, wadai walikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na balozi wao alikuwa akiliangalia jambo hili kwa karibu.

Sultani angeweza kukataa katakata, na kampuni ingeweza kushikilia reale ya mwisho. Hatimaye, mwaka 1871, walipatana. Kampuni ilikubali kulipunguza dai lake hadi kiasi cha reale 200,000, na ikapewa tena forodha kwa mkataba wa miaka 5. Mdai alisamehe sehemu kubwa, lakini akabaki na biashara yake. Mdaiwa alikubali kubeba sehemu ya deni ambalo hakulikopa yeye, na akaweza kuanza utawala wake bila kamba ile shingoni.

Manufaa ya sulhu hiyo yalionekana haraka. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sultani. Mwaka uliofuata ukaja mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa mjini likafungwa. Hazina iliyokwisha kuelemewa na deni zima ingeyakabili vipi mambo hayo? Mkataba wa forodha ulipokwisha mwaka 1876, ijara ilikwenda kwa Taria Topan kwa kiasi kikubwa zaidi. Katika miaka iliyofuata Sayyid Barghash aliwaletea watu wa mjini maji ya bomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, akaweka mtambo wa kuchapia vitabu vya dini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Alifariki Machi 1888.

Ndugu Waislamu, njia hii ya kupatana si ngeni katika dini yetu. Imepokewa kwamba Sahaba Kaab bin Malik (R.A.) alimdai mwenzake msikitini hadi sauti zao zikapanda. Mtume (S.A.W.) akafunua pazia la chumba chake, akamuashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali papo hapo. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa na kumuamrisha ainuke akalipe kilichobaki. Tuzingatie pande zote mbili za hukumu ile: mmoja asamehe, na mwingine alipe bila kuchelewa.

Qur'ani Tukufu nayo imetuelekeza tumpe muda mwenye dhiki, na ikatufahamisha kuwa kumsamehe ni kheri zaidi. Kuongeza deni kwa sababu ya muda ni riba. Kulipunguza kwa huruma ni sadaka. Lakini mlango huu haukufunguliwa kwa mwenye uwezo anayejifanya fukara. Tajiri kuchelewesha haki ya mtu ni dhulma.

Katika familia zetu leo, mzee hufariki akaacha duka lenye deni la kodi na la wafanyabiashara wenzake, na watoto wakagawana vitu kabla ya kuuliza anadaiwa nini. Deni hutangulia mirathi. Mali isipotosha, warithi wasijifiche. Waende kwa wadai wakiwa na hesabu ya kweli, waombe kupunguziwa, na watakachokubaliana kiandikwe mbele ya mashahidi. Na sisi tunaodai, tukumbuke kuwa kupata sehemu kwa wema ni bora kuliko kudai yote na kupoteza undugu.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awarehemu waliotutangulia, atukidhie madeni yetu na atujaalie kuwa wepesi wa kulipa na wepesi wa kusamehe. Amin.