William Robinson: Mtu aliyeiwezesha reli kujua treni iko wapi

Ukitoka Bariadi ukitafuta treni, utaikuta reli Malampaka, wilayani Maswa. Njia ya zamani ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita hapo. Reli mpya ya kisasa, SGR, kipande cha Isaka hadi Mwanza, nayo imepangiwa kituo Malampaka.

Watu wengi wakitazama reli wanaona vyuma viwili tu juu ya mataruma. Kumbe kwenye njia nyingi duniani vyuma hivyo vinafanya kazi ya pili kimyakimya: vinapitisha umeme kidogo unaosema kama treni ipo au haipo. Aliyegundua mbinu hiyo ni William Robinson, fundi aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alitoka wapi?

Robinson alizaliwa mwaka 1840 huko Ayalandi, akakulia Marekani. Mwaka 1865 alihitimu Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut.

Enzi hizo reli za Marekani zilikuwa zinaongezeka haraka kuliko usalama wake. Treni ziliachanishwa kwa saa ya mfukoni, ratiba na simu ya maandishi. Treni ya mbele ikiharibika njiani, ya nyuma haikuwa na namna ya kujua. Mlinzi alitakiwa kukimbia nyuma na bendera au taa, akiomba Mungu dereva amwone mapema. Asipomwona, ni msiba.

Miaka ya mwisho ya 1860, Robinson akaanza kutafuta ishara ambayo treni yenyewe ingeiwasha na kuizima, bila kumtegemea mtu.

Alianza na reli ya mezani

Hakuanza na reli kubwa. Alitengeneza mfano mdogo wa reli wenye ishara zake, na mwaka 1870 akauonyesha kwenye maonyesho ya American Institute jijini New York. Mwaka huohuo akapewa nafasi ya kuufunga mfumo wake kwenye reli ya kweli, eneo la Kinzua, Pennsylvania, kwenye njia ya Philadelphia and Erie.

Mfumo huo wa kwanza ulikuwa rahisi. Gurudumu la treni likikanyaga kifaa kando ya reli, umeme unapita kwenye waya na ishara inageuka kuwa ya hatari. Treni ikifika mbele inakanyaga kifaa cha pili, ishara inarudi kuwa salama.

Ulifanya kazi. Lakini Robinson aliukagua mwenyewe, akaona matundu mawili ya kutisha.

La kwanza: treni ikikatika katikati, kichwa na mabehewa ya mbele yanaendelea, yanakanyaga kifaa cha pili, na ishara inasema njia ni nyeupe. Huku nyuma mabehewa mengine yamebaki relini.

La pili: waya ukikatika au betri ikifa, ishara haigeuki kabisa. Inabaki inasema salama hata kama treni ipo. Yaani kifaa kikiharibika kinadanganya, na uongo wake unaua.

Akageuza mambo juu chini

Hapo ndipo likaja wazo lililombakisha kwenye historia. Badala ya umeme kutangaza hatari, akaamua umeme utangaze usalama. Umeme ukikosekana, kwa sababu yoyote ile, ishara ihesabu kuwa kuna hatari.

Hataza yake ya Marekani ilitolewa tarehe 20 Agosti 1872. Mbinu hiyo inaitwa saketi ya reli, na inafanya kazi hivi:

- Kipande cha reli kinatengwa na vipande jirani kwa vihami, ili umeme wake usivuke.
- Upande mmoja wa kipande inafungwa betri: chanya kwenye chuma kimoja, hasi kwenye chuma cha pili.
- Upande wa pili inafungwa rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme.
- Njia ikiwa tupu, umeme unapita chuma cha kwanza, unaingia kwenye rilei, unarudi kwa chuma cha pili. Rilei inaamka, ishara inaonyesha salama.
- Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma zinaunganisha reli mbili. Umeme unapiga shoti kupitia ekseli, haufiki kwenye rilei. Rilei inalala, ishara inakuwa nyekundu.

Sasa yarudie yale matundu mawili. Mabehewa yakibaki nyuma, ekseli zake bado zinapiga shoti: nyekundu. Betri ikifa: nyekundu. Waya ukikatwa na mwizi: nyekundu. Hata reli yenyewe ikivunjika na kuachana, umeme unakatika: nyekundu.

Mfumo ukiharibika, treni zinachelewa. Abiria watalalamika, lakini watakuwa hai.

Fundi wa umeme, ijaribu mezani

Kama wewe ni mwanafunzi wa umeme pale Bariadi au popote, unaweza kuijenga kwa vifaa vya dukani. Unahitaji vipande viwili vya chuma kama reli, betri, rilei ndogo, rezista, na taa mbili, nyekundu na kijani.

Rezista inakaa kati ya betri ya reli na reli. Usiiache, maana treni ikipiga shoti bila rezista, betri itachemka na kuisha upesi. Chagua rezista inayoacha umeme wa kutosha kuiamsha rilei.

Taa zipe betri yake. Nyekundu ifunge kwenye mguu wa rilei unaounganika ikiwa imelala, kijani kwenye mguu unaounganika ikiwa imeamka. Wengi hukosea hapo: wakigeuza, wanapata mfumo unaosema salama betri ikifa, kosa lilelile alilolikimbia Robinson.

Magurudumu na ekseli viwe vya chuma vinavyogusana. Vya plastiki havipigi shoti. Na usitumie reli hizohizo kulisha mota ya treni, kwa sababu umeme wa mota utaichanganya rilei. Isukume kwa mkono, au weka betri ndani ya treni.

Ukitaka kivuko cha barabara, fanya kipande chenye saketi kianzie mbali kabla ya barabara, ili kengele ilie na taa zimulike kabla treni haijafika. Treni ikimaliza kupita, rilei inaamka, taa zinazima.

Biashara na maisha ya baadaye

Kuwa na wazo zuri ni jambo moja, kuwashawishi wenye reli watoe fedha ni jambo lingine. Robinson alihangaika miaka kadhaa akifunga mfumo wake njia moja baada ya nyingine. Mwaka 1878 akaanzisha kampuni ya ishara, Union Electric Signal Company.

Kisha akaja George Westinghouse, tajiri aliyekwisha jipatia jina kwa breki za hewa za treni. Akaichukua kampuni hiyo, akaiunganisha na nyingine, na mwaka 1881 ikazaliwa Union Switch and Signal. Kampuni hiyo ikaja kuwa miongoni mwa majina makubwa ya ishara za reli.

Mwaka 1910, bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza usalama wa reli iliisifu saketi ya reli. Ilisema ni vigumu kupata uvumbuzi mmoja uliosaidia zaidi usalama na mwendo wa treni. Robinson alikuwa hai kuyasikia hayo. Alifariki mwaka 1921 huko Brooklyn, New York.

Ina udhaifu gani?

Si muujiza. Reli yenye kutu nyingi, mchanga au uchafu inaweza kuzuia gurudumu lisiguse chuma vizuri, na treni nyepesi ikapita bila kuonekana. Ndiyo maana njia nyingi siku hizi hutumia vihesabu ekseli: ekseli zikiingia 40, lazima zitoke 40, la sivyo kipande kinahesabiwa kina treni.

SGR yetu, kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma, inatumia mfumo wa ETCS ngazi ya 2, ambao humpa dereva ruhusa kwa redio hadi kwenye kioo chake. Lakini hata huo unahitaji vifaa vya relini vinavyothibitisha kuwa kipande hakina treni. Swali ni lilelile la 1870: iko wapi?

Wewe wa bodaboda, hili linakuhusu

Novemba 2023, basi na treni viligongana Manyoni, mkoani Singida, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. SGR imejengwa kwa madaraja na vivuko vya juu na chini, lakini reli ya zamani bado inakatiza barabara kwenye maeneo mengi, na vivuko vingi havina taa wala geti.

Somo la Robinson linafaa hapo pia. Ukifika kwenye reli ukakuta kimya, hakuna kengele, hakuna taa, usichukulie kuwa umeruhusiwa. Huenda hapajafungwa kitu, au kilichofungwa kimekufa. Simama, angalia kulia na kushoto, sikiliza. Ukiwa na hakika kwamba hakuna treni, ndipo uvuke.