Mama Kevina, Mtawa wa Wazazi

Katika lugha ya Kiganda liko neno kevina, nalo hutumika kwa maana ya hospitali, au nyumba yoyote ya kuwasaidia wanyonge. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba maneno mageni ya bara yalipita kwetu, yakiwa ya Kiarabu, Kihindi au Kireno. Hili halikupita kwetu. Ni jina la mwanamke mmoja wa Kiayalandi, mtawa wa Kikatoliki, aliyeishi Uganda zaidi ya miaka 50 na akaitwa Mama na watu wengi ajabu, ingawa hakuolewa wala hakuzaa.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow. Baba yake, mkulima, alifariki kwa ajali miezi mitatu kabla ya yeye kuzaliwa. Mama aliolewa tena akapata watoto wengine watatu, kisha naye akafariki Teresa akiwa na umri wa miaka 10. Akabaki mikononi mwa bibi yake mzaa mama, na alipotimiza miaka 17 bibi naye akaenda zake. Uzito wa yatima wa namna hii hauhitaji maelezo kwetu. Teresa hakuwa na uwezo wa kulipia masomo ya ualimu kamili, basi akajifunza kazi ya mwalimu msaidizi kwa masista wa Rathdrum, akavuka bahari kwenda kufundisha Uingereza. Mwaka 1895 akaingia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Fransisko huko Mill Hill, London, na mwaka 1898 akapewa jina la kitawa, Sista Mary Kevin.

Nia yake ilikuwa kwenda Marekani, kuwahudumia watu weusi waliotoka utumwani. Alingoja miaka mitatu, asiitwe. Mwito ulipokuja ulitoka upande mwingine kabisa. Uganda ilikuwa na Askofu Henry Hanlon wa shirika la mapadri wa Mill Hill. Mapadri hao walipelekwa huko mwaka 1895 kwa sababu ya siasa hasa. Katika vita vya mwaka 1892 Waganda walikuwa wamegawanyika, Ukatoliki ukawa dini ya Wafaransa na Uprotestanti dini ya Waingereza, na Roma ikataka ionekane kwamba Mwingereza naye aweza kuwa Mkatoliki. Kabaka Mwanga akampa Hanlon kilima cha Nsambya. Kilima cha jirani ni Kibuli, ambako baadaye Waislamu wa Uganda walijenga msikiti wao mkubwa, kwa hiyo anayesimama Nsambya leo huisikia adhana vizuri. Hanlon alikuwa na mapadri, lakini wanawake wa Kiganda hakuwa na mtu wa kuwaingilia majumbani mwao. Akaomba masista.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London: Waayalandi watatu, Mmarekani mmoja, Mwingereza mmoja na Mskochi mmoja. Walikuja kwa meli hadi pwani yetu, kisha wakashika gari la moshi, na reli ilikuwa changa, haijapita miaka miwili tangu ifike Kisumu. Ilipita Lumbwa, ambayo siku hizi huitwa Kipkelion, katika nchi ya Wakipsigis. Chai iliyolifanya jina la Kericho lijulikane duniani ilikuwa haijapandwa. Makampuni makubwa yalikuja zaidi ya miaka 20 baadaye. Kiptere, iliyo kusini ya reli hiyo, haikuwa na kanisa wala zahanati. Masista walivuka ziwa, na tarehe 15 Januari 1903 wakawasili Nsambya.

Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Wagonjwa walikaa chini, dawa zikawekwa juu ya meza, na kazi ikaanza. Wakati huo malale yalikuwa yakiteketeza watu kando ya ziwa, hasa upande wa Busoga. Katika miaka michache walikufa zaidi ya watu laki mbili. Palikuwa na ndui, palikuwa na njaa. Mwaka 1906 masista walifungua kituo cha pili huko Nagalama, na mwaka 1910 mkubwa wao alipougua akarudi kwao, Sista Kevin akashika uongozi. Tangu hapo akawa Mama Kevin, na Waganda, ambao hawapendi neno liishie kwa konsonanti kama sisi tusivyopenda, wakamwita Mama Kevina.

Katika Vita Kuu ya Kwanza hospitali ya Nsambya ililetewa wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps. Msomaji wa Dar es Salaam anakaa na jina lao kila siku, kwani Kariakoo ndiko lilikotoka. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na chakula kibaya. Mama Kevina alichukizwa na namna wazungu wenzake walivyowatendea, wala hakulificha hilo. Serikali ikavumilia ukali wake, na Krismasi ya mwaka 1918 ikampa nishani ya MBE kwa kuwauguza majeruhi. Nadhani nishani hiyo ilimsaidia baadaye katika kugonga milango ya ofisi, maana kugonga milango ndiyo ilikuwa nusu ya kazi yake.

Lakini jambo lililomtesa zaidi halikuwa vita wala malale. Lilikuwa uzazi.

Mtawa wa Kikatoliki wakati ule aliruhusiwa kufunga kidonda kilichooza, kumwosha mwenye ukoma, kukesha na mwenye tauni. Hakuruhusiwa kumzalisha mwanamke. Sheria ya kanisa lao iliona kwamba kazi hiyo haimpasi bikira aliyeweka nadhiri. Tulipime jambo hili kwa kipimo cha kwetu. Pwani, mkunga ni mama wa pili wa mtoto. Ndiye anayempokea, anayemkanda mzazi, anayehesabu siku hadi arobaini itimie, na nyumba nzima humsikiliza yeye kuliko mwenye nyumba. Sasa mfikirie mwanamke mwenye akili na mikono mizuri, amekaa katika nchi ambayo wazazi na vichanga wanakufa mbele ya macho yake, naye ameambiwa kwamba mlango wa chumba kile asiuvuke.

Wapo ambao wangeivunja sheria wakanyamaza. Wapo ambao wangeifuata wakanyamaza vilevile, wakasema ni amri ya Mungu. Mama Kevina hakufanya hili wala lile. Alitafuta wanawake ambao sheria haikuwafunga. Baada ya vita alimpata daktari mwanamke, Evelyn Connolly, ambaye hakuwa mtawa, na mwaka 1921 wawili hao wakafungua Nsambya chuo cha kuwafundisha wasichana wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Ng'ambo ya mji, juu ya Namirembe, Waprotestanti chini ya Dr. Albert Cook na mkewe Katharine walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyohiyo katika miaka hiyo. Ushindani wa dini ulikuwapo, wala tusijidanganye. Lakini mzazi wa Kiganda alipata wakunga kutoka vilima viwili badala ya kimoja, na katika mashindano yote ya wamisheni sidhani kama yako mengine yaliyomfaa mwananchi kiasi hicho.

Kufundisha wasichana hakukuwa kazi nyepesi. Binti wa Kiganda wa siku zile alitarajiwa kuolewa mapema. Kukaa chuoni miaka kadhaa, akijifunza kusoma, kuchemsha vyombo, kupima joto la mwili, kuwaeleza kina mama chakula cha mjamzito na usafi wa maji ya mtoto, lilikuwa jambo la kuwashangaza wazee. Mwaka 1923 Mama Kevina akawashangaza zaidi. Alichukua wasichana wanane akaanza nao shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, makao yao yakawa Nkokonjeru. Katika dini yetu utawa wa kuacha ndoa haumo, na msomaji ana haki ya kuuona mgeni. Hata kwa Waganda ulikuwa mgeni. Ukoo uliomtoa binti kwa njia hiyo ulijinyima mahari na wajukuu kwa pamoja. Hata hivyo shirika lile lilikua, likavuka mipaka ya Uganda, na leo masista wake wako Kenya na Tanzania pia, wengi wao katika shule na zahanati.

Huku akifundisha, aliendelea kuomba sheria ibadilishwe. Hakuwa peke yake, na hapa ndipo habari hii inapotugusa Waislamu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mmoja wa waliolianza dai hilo ni daktari mwanamke wa Kiskochi, Agnes McLaren, aliyekuwa ameshazeeka. Aliona kwamba huko Rawalpindi, ambayo sasa imo Pakistani, wanawake wa Kiislamu waliokaa ndani hawakukubali kutibiwa na daktari mwanamume, na waume zao hawakukubali pia, basi wakafa kwa uzazi ambao daktari mwanamke angeweza kuusaidia. Alisaidia kufungua hospitali ya wanawake mjini humo, akaiomba Roma mara nyingi iwaruhusu watawa kuwa madaktari na wakunga. Alifariki mwaka 1913, ruhusa haijatoka. Daktari wa Kiaustria aliyefuata nyayo zake, Anna Dengel, alifanya kazi Rawalpindi, na mwaka 1925 akaanzisha Marekani shirika la wanawake wa tiba. Mama Kevina akawa akilisukuma jambo lilelile kutoka upande wa Afrika. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ikatoa waraka wa kuwaruhusu watawa wa misheni kujifunza udaktari na ukunga na kuifanya kazi hiyo waziwazi. Kwa hiyo stara ya wanawake wa Kiislamu wa Rawalpindi, na vifo vyao, vilisaidia kuufungua mlango wa hospitali za Kikatoliki duniani kote.

Mapadri wa Mill Hill waliitoa dini yao Uganda wakaifikisha Kisumu, na baadaye kwa Wakipsigis. Mama Mkatoliki wa Kiptere leo, mwenye shamba dogo la chai na watoto wa kuwapeleka shule, anapokwenda kliniki akapimwa uzito, akaulizwa anakula nini, na siku ikifika akapokewa na sista mwenye ujuzi wa ukunga, haoni ajabu yoyote. Kwake ni mambo ya kila siku, kama kuteka maji. Bibi yake akijifungua kabla ya mwaka 1936 asingepata sista wa kumzalisha, hata kama sista huyo angekuwa amesimama nje ya mlango.

Mama Kevina alikuwa na umri wa miaka 60 ruhusa ilipotoka, na hakupumzika. Alikwisha kuanzisha makao ya wenye ukoma Nyenga na Buluba, na mwaka 1942 akafungua shule ya wasichana ya Namagunga, ambayo imewatoa wanawake wengi wenye madaraka nchini Uganda. Huko Uingereza alikuwa ameanzisha tangu mwaka 1928 nyumba ya kuwalea watawa wapya wa Afrika, kwa sababu wasaidizi hawakumtosha hata siku moja. Mwaka 1952 masista wa Afrika walitengwa na nyumba ya Mill Hill wakawa shirika lao wenyewe, makao makuu Dundalk, Ayalandi, naye akawa mkuu wao wa kwanza.

Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, aliachishwa uongozi. Mtu angedhani wangemwacha akae Nkokonjeru azeeke kati ya mabinti zake. Wakampeleka Boston, Marekani, akachangishe fedha. Naye akaenda. Ile Marekani aliyoingojea ujanani, aliipata uzeeni, mkononi akiwa na mfuko wa sadaka. Katika maisha yake yote hapa ndipo ninapowaonea ugumu wakubwa wake, ingawa yeye hakulalamika.

Alifariki huko Boston tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili ulipelekwa Ayalandi ukazikwa Dundalk. Habari zilipofika Uganda Wakatoliki wa huko hawakuridhika. Kwao mama huzikwa kwa watoto wake, na watoto walikuwa Uganda. Waliomba, wakakubaliwa, mwili ukafukuliwa na kupandishwa ndege. Ulizikwa Nkokonjeru tarehe 3 Desemba 1957, siku ileile ya mwezi uleule aliyoondoka London miaka 55 kabla yake. Mwaka 2016 kanisa lake lilianza kuyachunguza maisha yake, kwa nia ya kumtangaza mtakatifu.